Tulivyohamia Usambara familia nzima, tukapanga nyumba kwanza ndipo tukajenga

Karibu kila tuliyemwambia kwamba tunahama Tabata, Dar, kwenda milimani Lushoto alitupa ushauri uleule: baba atangulie, ajenge, mama na watoto wafuate nyumba ikiisha. Wakwe zangu walisema hivyo, majirani walisema hivyo, hata mama mwenye nyumba wetu alituita sebuleni kwake kutusihi. Nawaheshimu wote, lakini ushauri ule ni mbaya na mpaka leo naukataa. Nyumba inayojengwa huku familia inalipa kodi na kula Dar haiishi. Mume yuko kijijini anajipikia kwenye banda la turubai, mke yuko mjini anatuma hela ya saruji, miaka inakatika na msingi umeota magugu. Ndoa nyingine nazo zinaishia hapohapo. Sisi tulihama wote kwa pamoja, tukapanga nyumba ya vyumba vitatu juu ya Soni, upande wa kwenda Bumbuli. Kodi yake kwa mwezi haikufika hata robo ya ile ya Tabata.

Mzigo wa kwanza ulikuwa vifaa vya mume wangu, ambaye ni fundi seremala: benchi, mashine ya randa, na mbao za mninga alizozikausha muda mrefu akakataa kuziuza. Dalali wa mtaani akatutafutia lori, tukalipa nusu, nusu nyingine tukifika. Chalinze, Segera, Korogwe, safari ilikwenda vizuri. Tulipofika Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoiacha lami kuu na kuanza kupanda mlima, dereva akasimamisha gari, akashuka, akainua uso kuangalia juu. Akasema kona zile hapandi na mzigo. Mume wangu akambembeleza, akamwongezea hela, wapi! Utingo alishaanza kufungua kamba. Mbao zetu zikapangwa kando ya barabara kwenye jua la Mombo, mimi nimekaa juu ya benchi na mtoto mdogo mapajani, na lori likageuza kurudi Dar.

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kulala, ndipo ikasimama Fuso iliyokuwa inapanda tupu. Dereva wake, Msambaa mtu mzima, akachungulia: “Mama, mnakwenda wapi na mbao zote hizi?” Alikuwa ameshusha kabichi na karoti soko la Ilala alfajiri ya siku hiyo, anarudi nyumbani kupakia nyingine. Akatubeba kwa hela kidogo tu. Yule mzee anaujua mlima. Anapiga honi kabla ya kila kona, anashusha gia mapema, na akikutana na basi linateremka anajua atabana upande gani. Njiani nikamwuliza maswali mpaka akacheka. Ndipo nikaelewa kwamba magari ya mboga yanashuka Dar usiku yamejaa na yanapandisha mchana hayana kitu. Mwenye gari anayerudi tupu anapokea chochote, maana mafuta atayachoma hata asipobeba mtu.

Basi vyombo vya nyumbani havikupitia kwa dalali. Nilikwenda Ilala alfajiri, wakati makuli bado wanashusha viroba vya viazi, nikatafuta magari ya Lushoto. Ukienda umechelewa utawakuta madereva wamelala kwenye kabini na hakuna atakayekusikiliza. Piga simu uongee na mwenye gari pia, usimalizane na dereva peke yake, na mpatane kabisa nani anapakia na nani anashusha. Bei tuliyoipata ilikuwa kama theluthi ya ile ya dalali. Bodi ya gari ilikuwa imejaa majani ya kabichi yaliyolowa, kwa hiyo tuliifagia na kutandika turubai chini, jingine tukafunikia juu, magodoro yakakaa juu ya kila kitu. Mume wangu alivifungua vitanda na makabati yote, skrubu za kila kimoja akazitia ndani ya soksi, na soksi akaifunga kwenye ubao wa kitu chenyewe. Usiku ule tulipofika watoto walilala vitandani.

Sasa niseme kwa nini kupanga kwanza kulituokoa. Shamba tulilokuwa tunalitaka ni ekari moja na kitu, la mteremko. Tulikuja kuliangalia kiangazi, na pale katikati palikuwa na sehemu nzuri bapa, kila mtu akisema nyumba ikae hapo. Kisha masika yakaja. Tulikwenda na mwavuli tukasimama pembeni, tukaona maji ya mlima mzima yakipita juu ya ile sehemu bapa, mekundu, yanabeba mawe ya ukubwa wa ngumi. Jirani, mzee aliyezaliwa pale, akatuambia ndiyo maana pako bapa. Nyumba tukaisogeza begani mwa mlima. Ule mteremko mwingine tumeuchimbia makinga maji na kupanda majani ya guatemala kwenye kingo, yanashika udongo na ng'ombe wa jirani anayala, sisi tunapata samadi. Mzee huyohuyo ametusimulia jinsi wazazi wake walivyokataa kulima matuta ya kulazimishwa na Waingereza miaka ya 1950. Leo makinga yake mwenyewe ni mazuri kuliko ya mtu yeyote kijijini, kwa sababu aliamua mwenyewe kuyachimba.

Kwenye kununua pia kulikuwa na ushauri wa hovyo: “Andikishaneni tu kwa mwenyekiti, yaishe.” Yaishe wapi? Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mwenyekiti peke yake si halmashauri. Tulisubiri kikao. Mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa walikaa, wakasema wanakubali, wakatia sahihi. Majirani wa pande zote walitembea mpakani pamoja nasi, sale moja hadi jingine, ule mmea wa kuonyesha mpaka, na palipokosekana sale likapandwa wakiangalia. Wajumbe hawakutuuliza sisi ni akina nani, kwa sababu tulishakaa nao, tumezika nao, watoto wetu wanasoma na wao. Mtu anayekuja na gari siku moja na bahasha ya hela hapati kikao cha namna hiyo.

Shule: tulihama Desemba, watoto wakaanza Januari pamoja na wenzao. Mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba asimhamishe katikati ya mwaka, kuna usajili wa mtihani hapo. Na barua ya mwalimu mkuu haitoshi, ingawa tuliambiwa inatosha. Hakikisha shule ya zamani imemhamisha mtoto kwenye mfumo kwa namba yake ya PREM, ile ya kumbukumbu za mwanafunzi. Shule tuliyotoka ilituzungusha kwa hilo, na nilipanda basi kurudi Dar nikakaa ofisini mpaka likafanyika.

Baridi ya Juni hadi Agosti ni ya kweli, lakini sweta usinunue Dar. Gulioni zipo za mitumba, nzito na bei nafuu.

Watu wanauliza tunakula nini. Kabla ya kuhama tuliuliza TANESCO kama nguzo za pale zina umeme wa njia tatu, maana mashine ya randa haiwaki bila huo. Mtaa wa nyumba tuliyopanga hazikuwa nao, kwa hiyo mume wangu amechukua fremu karibu na barabara kuu na anatengeneza milango na vitanda. Mimi nashona. Wateja wangu wa Tabata wananitumia vipimo kwa WhatsApp, kitambaa kinapanda na basi na gauni linashuka na basi. Harusi mbili za mwaka huu sare zake zimeshonwa huku mlimani. Hela tuliyokuwa tunampa mwenye nyumba sasa inanunua tripu ya mawe kila mwezi, na msingi umeshafungwa mkanda wa zege.