Nilivyoisoma karatasi ya Babu kutoka Uhabeshi

Babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapigana hadi Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano huko Uhabeshi, yaani Ethiopia, iliyoanguka Novemba 1941. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipewa na mwenye nyumba mmoja aliyewanywesha maji, na alichojua ni kwamba ilidondoshwa na ndege. Alifariki bila kujua inasema nini. Mama aliponikabidhi sanduku lake, nikaona hilo sasa ni deni langu.

Nilianza vibaya: niliikunjua kwa haraka na kona moja ikakatikia mkononi. Niliumia sana. Baada ya hapo niliilaza wazi, nikaipiga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, na kazi yote iliyofuata nikaifanya kwa picha.

Nilimpelekea mama mmoja Mhabeshi mwenye mkahawa hapa Nairobi. Hakuanza na maandishi. Aliweka kidole juu ya mhuri, pale penye simba, akasema, "Huyu ni Simba wa Yuda. Ni mhuri wa mfalme." Akamwita baba mkwe wake, na yule mzee akasoma kwa sauti, amesimama wima.

Mwaka ulioandikwa ulinichanganya: 1932. Waitaliano waliingia Addis Ababa Mei 1936! Mzee akanieleza kwamba kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. 1932 yao ilianza Septemba 1939, ikaisha Septemba 1940. Na Italia ilitangaza vita dhidi ya Uingereza Juni 10, 1940. Basi karatasi ni ya miezi ile michache, mfalme wao Haile Selassie alipotolewa uhamishoni Uingereza akaletwa Khartoum, na ndege za Waingereza zikaanza kumwaga tangazo lake juu ya watu waliokuwa wametawaliwa kwa mabavu miaka minne. Liliwataka wasimtumikie Mwitaliano. Baadaye likaja pia gazeti la Kiamhari, Bandirachin, yaani "Bendera yetu". Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo.

Nilimuuliza mzee: wanavijiji wangapi waliweza kusoma? Wachache, akasema, mapadri na waliosomea kanisani. Lakini mhuri kila mtu aliujua. Waliambiwa mfalme amekimbia na hatarudi. Sasa simba wake anashuka kutoka mawinguni. Hapo nikaelewa kwa nini mtu aliihifadhi karatasi hiyo wakati kukutwa nayo kungemponza. Nilipompa mzee nakala yake, aliibusu pale penye mhuri.

Ndugu zangu wanataka ile ya asili itiwe fremu, itundikwe sebuleni. Nimekataa, mwanga utaimaliza. Iko kabatini, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, pamoja na kile kipande cha kona, ambacho sitakigusa kwa gundi wala selotepu. Sebuleni tutatundika picha.