Kikao cha kupanga sprinti (kipindi kifupi cha kazi za timu) na mteja wa London, ukiwa Mbeya

Andika muda kwa mtindo wa saa 24 na jina la jiji: "Jumanne 15:00 Mbeya, 13:00 London". Ukimwandikia mwenzako wa Iringa "saa kumi" na ujumbe ukamfikia mteja kupitia programu ya tafsiri, yeye ataingia 10:00 na nyie 16:00.

Sisi hatusogezi saa, wao husogeza. London iko nyuma yetu kwa saa 3; kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba ni saa 2. New York hubadilika mapema zaidi, Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo ukiwa na wateja wa miji yote miwili, wiki mbili tatu hapo katikati ratiba hupishana. Mimi ningefunga mwaliko wa kalenda kwenye saa za mteja. Timu ndiyo isogee.

Mteja akae saa moja ya kwanza tu, kwa lengo na vipaumbele. Makadirio ya siku za kila kazi myafanye wenyewe: akiwepo, watu hukata siku kwa kuona haya. Orodha ya kazi imfikie siku mbili kabla.

Msimu wa mvua, ruta iwe na betri na bando la simu liwe tayari.