Jiko lililoliwa na majivu

Leo ni Jumapili. Upepo wa Agosti umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia hadi ndani ya vikombe vilivyofunikwa, lakini nimekaa barazani na daftari kwa sababu nisipoandika leo nitasahau mpangilio wa kazi iliyonichukua majuma matano. Nimemaliza kulifufua jiko la kuchomea nyama nililouziwa kwa shilingi 40,000 na jirani yangu wa hapa Nkuhungu, Dodoma, mzee wa Kigogo ambaye huitikia shikamoo yangu kwa marahaba, kisha huongeza "mbukwa", salamu ya kwao, ili nisije nikasahau kwamba mimi ni mgeni katika mji huu, ingawa nimeishi hapa tangu mwaka 2017 tulipohamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam.

Jiko lenyewe ni pipa la chuma la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Nusu moja ni beseni la moto, nusu ya pili ni mfuniko, na zimeshikanishwa kwa bawaba tatu juu ya miguu minne ya chuma cha pembe. Mzee alilichomea nyama kwenye kibanda chake kwa miaka mingi, hadi magoti yalipomkataza kusimama mbele ya moto, ndipo akaliegesha chini ya mwarobaini likiwa na majivu ya siku ile ya mwisho, na hakulifunua tena. Likakaa hapo misimu minne ya mvua. Siku niliyolileta nyumbani kwa mkokoteni, mama watoto alilizunguka mara moja akauliza, "Baba, hiki ni jiko au ni chuma chakavu?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Nilizaliwa Tanga, na kutu naijua. Kwetu inakuja na upepo wa bahari. Bati jipya huanza kupata madoa kabla fundi hajasahau njia ya kurudi kwako. Nilipohamia Dodoma niliamini kwamba nimeachana nayo, kwa sababu mvua ya hapa haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo hewa inakauka hadi midomo ya watoto inapasuka. Ndiyo maana nililikagua jiko hili kwa namna ya mtu wa pwani: nilitazama mgongo wa mfuniko, yaani mahali ambapo mvua ilipiga moja kwa moja, nikaona unga wa kahawia tu unaofutika kwa kidole, nikaridhika na kulipa. Sikuchungulia chini ya majivu.

Chini ya majivu ndiko kulikokuwa na habari yote. Yalikuwa yameganda kama saruji, tabaka la unene wa vidole vitatu, na chini yake kulikuwa na mchanga wa mtoni ambao mzee aliuweka makusudi ili moto usiunguze kitako cha pipa. Nilianza kukwangua kwa kikwangulio cha rangi, nikamalizia kwa patasi, na nilipofika kwenye chuma kilikuja nacho: vipande vyepesi vya kutu, tabaka juu ya tabaka, mithili ya maganda ya kitunguu. Katikati ya kitako palikuwa na tundu la kupitisha sarafu ya shilingi 200 bila kugusa kingo, na pembeni yake vitobo vidogo visivyo na idadi, ambavyo nilivitambua tu baada ya kuliinua beseni na kulitazama dhidi ya jua.

Jambo hili lilinishughulisha akili kuliko tundu lenyewe. Mahali palipopigwa na mvua pamesalimika, na mahali palipofunikwa pamelika. Nililielewa nilipomkumbuka bibi yangu, ambaye alikuwa akichuja majivu kwa maji ndani ya chungu chenye matundu ili apate maji makali ya kulainishia maharage. Majivu ya miti yana chumvichumvi. Yanavuta unyevu, na yakishaupata hayauachii upesi. Mgongo wa mfuniko ulilowa na kukauka ndani ya saa moja ya jua la Dodoma, lakini kitako kilibaki kimevikwa kitambaa chenye maji ya chumvi kwa miezi mitano ya kila mwaka, huku mchanga chini yake ukiyashikilia maji yale yasiondoke. Mzee aliogopa moto ungemlia pipa, na dhidi ya moto alijikinga vizuri sana. Kumbe jiko lake lilikuwa na bahari yake ndogo ndani.

Kusafisha kulichukua majuma mawili, na hapa sitarefusha, kwa kuwa kusugua ni kusugua. Masizi yenye mafuta ndani ya mfuniko, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanafanana na rangi inayobanduka, yalitoka kwa kikwangulio. Kutu ya juu juu ilitoka kwa brashi ya waya na msasa mkavu. Na wavu wa nondo niliutia kwenye moto mkali wa kuni hadi mafuta ya zamani yakageuka unga. Nitoe tahadhari moja tu. Brashi ya waya hupoteza nyuzi zake, na uzi mmoja ukinasa kwenye wavu utahamia kwenye nyama na kutoka hapo kwenye koo la mtu, kwa hiyo mkono wa mwisho juu ya wavu niliupitisha kwa fundo la katani, kama anavyostahili kufanya mtoto wa Tanga. Kosa langu la juma la pili lilikuwa kuosha beseni kwa maji ya sabuni saa za jioni na kuliacha wazi usiku. Asubuhi chuma nilichokiacha kikimeta kilikuwa na rangi ya machungwa, na kazi ya siku mbili nikaianza tena. Tangu hapo nikiosha, naosha saa sita mchana, nafuta kwa kitambaa na kuacha jua limalize.

Kwa tundu la kitako nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea nikiwa na kipande kinene cha bati nilichokikata kwenye tangi bovu la maji, nikijisifu kwamba sitanunua chuma. Fundi alikigeuza mara mbili, akakirudisha mikononi mwangu. "Kaka, hili lina zinki. Nikilichomelea nitaumwa mimi leo, na ukilikokea moto utakula wewe kesho." Alikuwa sahihi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na makaa yanayopulizwa na upepo wa hapa hupita kiwango hicho bila jasho. Moshi wake mweupe humtia fundi homa na baridi ya mwili usiku ule ule. Wengi wao hunywa maziwa wakiamini yatawakinga, na huyu naye alikuwa na pakiti mezani, ingawa kinga yake ya kweli ilikuwa kukataa bati langu. Nilinunua kwake kipande cha chuma cheusi cha milimita 3, akakikata kiwe kiraka kipana kuliko tundu kwa sababu kingo za chuma kilicholika hazikushika moto wa kuchomelea, na zilikuwa zikitoboka kila alipozikaribia.

Nikamwomba pia mambo mawili ambayo pipa halikuwa nayo. La kwanza ni wavu wa chini wa nondo, ulioinuliwa inchi nne kutoka kwenye kitako, ili makaa yakae juu na majivu yadondoke chini. Chuma hakilaliwi na moto, na mchanga hauhitajiki tena. La pili ni matundu matatu madogo kwenye sehemu ya chini kabisa, ili maji yakiingia yawe na pa kutokea. Fundi aliona ni kichekesho kwamba nimemlipa azibe tundu kisha nikamlipa atoboe mengine hatua mbili kutoka hapo.

Rangi niliinunua kwenye duka la vipuri vya pikipiki, ile nyeusi ya kopo la kupuliza ambayo vijana wa bodaboda hupaka ekzosi, inayoandikwa kwamba inahimili nyuzi joto 600. Hiyo ni ya nje tu. Ndani, mahali pa moto na chakula, sikutaka rangi yoyote, nikachagua mafuta ya alizeti, ambayo katika ukanda huu wa Dodoma na Singida hayahitaji kutafutwa, kwani yanauzwa kandokando ya barabara katika madumu. Mafuta haya yakipashwa moto penye hewa hayakauki kwa kupotea kama maji. Chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa utando mgumu unaozuia unyevu usikifikie chuma. Mimi kwa pupa nilimimina kikombe kizima, nikapaka kama ninayepaka samli kwenye mkate, nikakoka moto. Nilichopata ni ulimbo. Nzi wawili walinasa wakafia hapo, na mwanangu wa mwisho akapata mchezo wa kuchomoa vidole. Nilikwangua, nikaanza upya kwa namna ambayo ilinipasa niifuate tangu mwanzo: kupaka kidogo, kisha kufuta kwa kitambaa kikavu hadi uamini kwamba hukubakiza kitu, halafu moto wa saa moja, kupoza, na kurudia. Mara ya tatu beseni lilikuwa jeusi, kavu, na laini mkononi.

Nisifiche kwamba kazi hii ilinipa haya kidogo. Nyumbani tunapikia gesi, na serikali imezindua mkakati mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mimi nami nimetumia majuma matano kulitengeneza jiko la mkaa. Naujua mkaa unavyopatikana. Tanuri la udongo la kienyeji, kwa kila kilo 100 za kuni, hutoa kati ya kilo 10 na 20 tu za mkaa, na milima inayozunguka mji huu inaonyesha tofauti hiyo imelipwa na nani. Sitajitetea kwa hoja kubwa. Nitasema tu kwamba ndiyo sababu nilihangaika na mfuniko kuliko sehemu nyingine yoyote, nikanyoosha kingo zake kwa nyundo na kuuwekea kizibo cha bomba la moshi, kwani ukishachoma nyama ukaufunga na kuziba matundu yote ya hewa, moto hufa kwa kukosa pumzi na mkaa uliobaki unakuwa wa Jumamosi nyingine. Wachomaji wengi huacha makaa yateketee hadi yaishe, na mzee anakiri kwamba naye alikuwa hivyo hivyo.

Jana tuliliwasha. Nilikwenda mapema kwenye mnada wa Msalato, ambako kila Jumamosi moshi wa nyama unaonekana kabla hujawaona mbuzi, nikarudi na mbavu na paja moja. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba shemeji yangu alipendekeza tulisogeze jiko ndani ya banda la gari, nikakataa katakata, maana hewa ya mkaa huua bila harufu. Tukaliegesha nyuma ya ukuta. Makaa nikayasogeza upande mmoja, paja likakaa upande wa pili chini ya mfuniko kwa muda mrefu, kwa chumvi na ndimu peke yake, na mbavu zikaja mwishoni juu ya moto wenyewe.

Mzee alifika saa kumi kwa fimbo yake. Hakukaa kwanza. Aliweka kiganja juu ya wavu akahesabu kwa sauti ya chini, akakiondoa alipofika nne, akaniambia moto bado mkali, nisubiri. Kisha akainama kwa shida, akapitisha vidole chini ya kitako hadi akakipata kiraka, akakizunguka chote kama mtu anayetafuta ufa kwenye mtungi. Nilitarajia pongezi, au angalau swali kuhusu gharama.

"Mchanga wangu umeupeleka wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha chini ya mpapai. Aliutazama kwa muda, akasema ulikuwa mchanga mzuri, aliufuata mwenyewe mtoni kwa baiskeli, ndipo akavuta kiti.

Asubuhi hii, kabla ya chai, nimeyatoa majivu yakiwa yamepoa, nusu debe hivi, na kufuta kitako kwa kitambaa chenye mafuta. Bawaba ya katikati inalia ukifungua mfuniko. Nitaitazama Jumamosi ijayo.