Mtoto akilia, nani anamjibu na anamjibu vipi

Kuna ushauri unazunguka sana kwenye magrupu ya kina mama hapa Dar, nadhani hata nyie mshatumiwa, kwamba mtoto akifika miezi minne mitano umhamishie chumba chake, akilia usiku usubiri kwanza dakika kadhaa ndo uende, kesho yake uongeze dakika, hivohivo mpaka azoee kulala peke yake. Chini yake unakuta makopakopa na "asante kwa elimu mpendwa". Sijaja kumsema mtu, kila mtu na nyumba yake na uchovu wake, ila inaniuma nikiona ushauri wenye kwao unaletwa kama sayansi ya dunia nzima, halafu bibi wa watu aliyembeba mjukuu mgongoni anaambiwa anamdekeza, anamzoesha mikono, anamharibu mtoto.

Na kweli huu ushauri una kwao. Hii ya kuongeza dakika ilisambaa Marekani kuanzia 1985 kupitia daktari wa Boston anaitwa Richard Ferber, ambaye alikuwa anasaidia familia zenye shida ya usingizi. Nyuma yake kuna watu wakali kumzidi mbali. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani John Watson aliwaambia wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, na asubuhi wawape mkono. Ujerumani nako 1934 daktari mmoja anaitwa Johanna Haarer, enzi za Hitler, akawa anafundisha kina mama kwamba mtoto akilia bila sababu unayoiona wewe aachwe, asije akamtawala mama, na kitabu chake kikaendelea kuchapwa baada ya vita, wakitoa tu maneno ya kisiasa, hadi miaka ya 80. Kwahiyo ukisikia "wazungu wanafanya hivi" ujue na wao walifundishwa, tena na vitabu, na wengi wao leo wameshaviacha.

Mimi kwetu Tanga, upande wa mama ni Wadigo, na hapo ndo nataka nikae kidogo maana watu wengi hawajui kwamba Wadigo wako kwenye majarida ya madaktari wa watoto toka 1977. Watafiti wawili wa ukoo wa deVries waliandika jinsi mama wa Kidigo anavyomfundisha mtoto haja kuanzia wiki ya pili ya tatu tu baada ya kuzaliwa, na akifika miezi mitano sita mtoto hajikojolei ovyo, mchana wala usiku. Madaktari wa Marekani wakati huo walikuwa wanawaambia wazazi wasubiri mpaka mwaka mmoja na nusu au zaidi, eti kabla ya hapo mtoto hayuko tayari.

Sasa mimi hicho kitu nimekiona kwa macho kabla sijajua kama kuna mtu alikiandika. Mama mdogo anakaa chini kwenye mkeka, miguu kainyoosha, mtoto kamuweka katikati ya mapaja, mgongo wa mtoto umeegemea tumbo lake, halafu anatoa sauti "shuuuuu", taratibu, anarudia, huku anaendelea kupiga stori na wenzie kama hakuna kinachoendelea. Mkojo unatoka. Anafutwa, anachekewa, anapewa ziwa. Ukimuuliza amejuaje kama alikuwa anataka kukojoa anakushangaa, anakwambia si umemuona alivyokuwa anajinyonganyonga? Mimi sikuona kitu. Yaani yule mtoto hajalia hata kidogo, haja yake ilishajibiwa, na huwezi kulijua hilo jibu kama wewe unahesabu vilio tu.

Hapo ndipo nilipo mimi kwenye huu mjadala. Watu wanapima mama anajibu haraka kiasi gani mtoto akilia, wakati kuna kina mama kazi yao yote ni kuhakikisha mtoto hafiki huko kwenye kulia, na ili uweze hivyo lazima mwili wako na wake viwe pamoja, mgongoni, kifuani, kitanda kimoja. Ukimuweka mtoto chumba kingine huwezi kusikia anavyojinyonga, unasikia kilio, kwahiyo kilio ndo kinakuwa lugha yenu. Kina mama wa Japani nao walivyochunguzwa walionekana hivyohivyo, wanawahi kabla mtoto hajaomba, wakati wa Marekani wengi wanasubiri mtoto aonyeshe mwenyewe anachotaka halafu ndo wamjibu, kwasababu wanataka ajue mapema kujisemea.

Kule Kisii, Kenya, kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Robert LeVine, yeye na wenzie walikaa na Wakisii miaka ya 50 na wakarudi tena miaka ya 70, wakawalinganisha na kina mama wa Boston. Mama wa Kisii mtoto akilia anamjibu fasta, anamshika, anamnyonyesha, anamtuliza, ila hamtazami sana usoni na wala haongei nae sana. Mama wa Boston anaongea, anamtazama, anamchekesha, ila kubeba ni kidogo. Na watoto wa Kisii walilia kidogo kuliko wa Boston. Ukiletewa kipimo cha maneno tu, mama wa Kisii anafeli, ukiletewa kipimo cha mikono anafeli wa Boston! LeVine mwenyewe alielezea vizuri: mahali ambapo watoto wachanga wanakufa sana, akili yote ya mama inaenda kwenye kumuweka hai, ashibe, asiungue jikoni, atulie, na maneno atajifunza kwa watoto wenzie akishaanza kutembea. Mama wa Boston hana hiyo hofu, hofu yake iko shuleni huko mbele, ndo maana anaanza kuongea nae mapema.

Afu kuna hili la Uganda. Ile nadharia maarufu ya mtoto na mama kushikamana, ambayo inafundishwa vyuoni kote, sehemu kubwa ilianzia vijiji vya karibu na Kampala. Mtafiti wa saikolojia anaitwa Mary Ainsworth alikaa huko 1954 na 1955 akifuatilia familia 26 za Waganda, anawatembelea nyumbani, anaangalia mtoto anavyonyonya anavyolia anavyomfuata mama yake. Baadae akaenda Baltimore, Marekani, akatengeneza jaribio la chumbani, mama anatoka, mtoto anabaki na mgeni, mama anarudi, wanaangalia mtoto anampokeaje. Likasambaa dunia nzima. Likafika Sapporo Japani, watoto wakalia kupita kiasi, theluthi hivi wakaandikwa hawana utulivu na mama zao, kumbe wale watoto hawakuzoea kabisa kuachwa na mama zao! Kwa mtoto wa hivyo hilo jaribio ni la kutisha tu. Nikiwaza kilichoanzia kwa kina mama wa Uganda wamebeba watoto wao, kikaishia kuwahukumu kina mama wengine waliobeba watoto wao, nakosa raha kabisa.

Ila nisiwe wa upande mmoja, kuna kitu nimekipenda kwa wenzetu. Mdogo wangu kaolewa Ujerumani, ana mtoto mdogo, na kwenye video koli namuona shemeji anavyomlaza mtoto kwenye godoro dogo chini, analala nae kifudifudi wanatazamana, anamuuliza "unamuona dubu? unamtaka dubu?" halafu ananyamaza, anasubiri kwelikweli, mtoto akitoa tu "aguuu" baba anajibu kama kaambiwa jambo la maana. Wanaweza kukaa robo saa hivyo. Mama yetu alikuwa pembeni yangu akawa anasema mbebeni basi huyo mtoto, mbona mnamuacha chini? Na nilikuja kusoma kwamba watafiti walivyowalinganisha kina mama wa kabila la Nso kule Cameroon na wa mji wa Münster, Ujerumani, waliona tofauti hiyohiyo, wa Nso mwili na mtikisiko, wa Münster uso na maneno. Mimi nachukua vyote, mtoto mgongoni na maneno mdomoni, sioni vinagombana wapi, na ukweli siku hizi mtoto wa Dar atakutana na darasa mapema sana, kuongea nae akiwa mchanga kutamsaidia. Tena havijatengana kabisa, maana mwaka 2017 kuna utafiti ulitoka wa kina mama 684 wa nchi 11, Kenya na Cameroon zikiwemo, wakakuta mtoto akilia kina mama wa kila nchi wanaelekea kufanya yaleyale, wanambeba na wanaongea nae.

Kinachonisumbua zaidi kuliko hayo yote ni muda. Mdogo wangu yuko nyumbani na mtoto, sheria ya kule inamruhusu mzazi kulinda kazi yake hadi miaka mitatu, ila mchana kutwa yuko peke yake, mkwe yuko mji mwingine, mtoto akilia ni yeye tu, na akichoka hana wa kumpa. Huku mikono ipo, bibi yupo, shangazi yupo, jirani anakuja anamchukua mtoto mpaka unasahau yuko nyumba ipi. Wale Waefe wa msitu wa Ituri, Congo, mtoto wa miezi minne anakuwa na watu wengine zaidi ya nusu ya muda wake, na wanawake wengine wanamnyonyesha. Lakini mama mwenye ajira Tanzania likizo yake ya uzazi ni siku 84, mapacha siku 100, unarudi ofisini mtoto hajafika hata miezi mitatu. Hiyo "shuuuu" ya mama mdogo inataka mtu aliyekaa na mtoto kutwa nzima, dada wa kazi aliyekuja juzi na ana vyombo na nguo za kufua hataweza, atamvalisha pampas na hana kosa.

Na sheria hiyohiyo ya kazi inasema mwajiri amruhusu mama anyonyeshe hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi tunayatumia kwa kuondoka mapema, foleni ya Mbagala inayala yote ukiwa bado uko kituo cha Uhasibu. Kama kuna anayefanya kazi sehemu ambayo mtoto analetwa, au wametoa chumba cha kunyonyeshea, niandikie uniambie mlianzaje kulidai hilo na mlienda kwa nani, maana hapa kazini kwetu tuko watatu wenye watoto wachanga na tunataka kupeleka barua mwezi ujao.