Kumbukumbu ya kichujio cha barua taka

Wiki iliyopita nilihamisha seva ya barua pepe ya ofisi yetu kutoka mfumo endeshi wa Debian 11 kwenda Debian 12, hatua ambayo pia iliitoa SpamAssassin, programu inayozipa barua alama za kushukiwa kuwa taka, kwenye toleo la 3.4.6 na kuifikisha 4.0. Faili lake la mipangilio, local.cf, halikunisumbua hata kidogo. Toleo jipya limebadilisha whitelist_from kuwa welcomelist_from, lakini bado linalielewa jina la zamani, kwa hiyo orodha yetu ya watumaji tunaowaamini ilisomwa kama ilivyokuwa.

Kilichonihangaisha ni hifadhidata ya Bayes, sehemu ya kichujio inayojifunza kutokana na barua zenyewe. Kanuni nyingi zinazokuja na SpamAssassin zinatafuta maneno ya Kiingereza, ilhali ofisi yetu inaandikiana kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni. Bayes haijali lugha, kwani huhesabu tu ni maneno gani yanaonekana zaidi katika barua taka na yapi katika barua halali, na yetu ilikuwa imeshajifunza kwa miaka minne kwamba "ankara", "stakabadhi" na "hati ya malipo" ni maneno ya kazi. Ikianza upya haitoi alama yoyote mpaka ijifunze barua taka 200 na barua halali 200, na kwa ofisi ndogo hizo barua halali huchukua muda kupatikana.

Nilitoa nakala ya hifadhidata hiyo kwa amri ya sa-learn --backup, nikairudisha kwenye seva mpya kwa --restore, kisha nikahakiki kwa --dump magic. Idadi zote zilikuwa sawasawa na za seva ya zamani, nami nikaenda kulala nikiwa na amani.

Jumatatu saa nne asubuhi mama mhasibu alinipigia: "Mwanangu, ile ankara ya mafuta sijaiona tangu Ijumaa, na wenyewe wanasema wameshaituma mara mbili." Niliikuta karantini ikiwa na alama 6.9, wakati kikomo cha Amavis, programu inayopitisha barua kwenye SpamAssassin na kuzuia zinazofikia kikomo, katika Debian ni 6.31. Nilipoisoma orodha ya vipimo vilivyoipa alama hizo, hapakuwa na kipimo hata kimoja cha BAYES.

Kosa lilikuwa langu. Nilirudisha nakala nikiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva, ikaandikwa katika /root/.spamassassin, na nilipohakiki nikiwa root vilevile nikawa ninatazama hifadhidata ambayo hakuna anayeitumia. Amavis hufanya kazi kwa jina la mtumiaji wake, amavis, na husoma iliyo chini ya /var/lib/amavis. Nilipotoa amri ileile ya kuhakiki kwa jina hilo, nspam (idadi ya barua taka ilizojifunza) ilikuwa 0 na nham (idadi ya barua halali) 0. Nilirudia --restore kwa sudo -u amavis, nikaipima tena ankara ile, ikapata 3.8, nikamtolea mama mhasibu na kumwomba radhi.

Katika kupekua huko niligundua pia kwamba seva mpya inauliza DNS (huduma ya kutafuta anwani za mtandao) kupitia 8.8.8.8, seva ya umma ya Google. Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani za watuma barua taka, hukataa maswali yanayopitia huduma za DNS za umma kama hiyo, na kwa hiyo orodha yao ya anwani chafu haikuwa ikitusaidia kwa lolote. Nimeweka Unbound, programu ya DNS, ndani ya seva yenyewe, inayouliza moja kwa moja.

Bado ninapitia karantini ya Ijumaa hadi Jumatatu, barua moja baada ya nyingine. Hadi sasa nimeshazitoa tisa, zote halali, na zote zimeandikwa kwa Kiswahili.