Kona ya mswala

Juni ya Mbeya haina mchezo. Alfajiri nimetawadha kwa maji ya birika niliyoyaacha juu ya jiko la mkaa tangu usiku, na bado yalipofika viwikoni yalikuwa yameshapoa. Nikakimbilia kwenye kona yangu.

Kona yenyewe ni upana wa mswala mmoja, kati ya kabati la vyombo na gunia la mchele wa Kyela. Ukisujudu, harufu ya mchele ndiyo inayokupokea. Niliwahi kulihamisha gunia, chumba kikanipwaya, nikalirudisha. Sharti ni moja tu: hapo hapawekwi kitu. Si sare za watoto, si simu. Simu hasa!

Nimekulia Pangani, na huko kibla haiulizwi. Kwa babu yangu mvuvi kaskazini ndiyo kibla, kusini ni suheli, basi. Bahari ikikaa mkono wa kulia, umeelekea. Nilipohamia huku Soweto, mtaa wa Mbeya, bahari sina, nikaiamini dira ya simu. Nikaisoma pale dirishani penye nondo, chuma kikaipoteza, nami nikaswali wiki mbili nikielekea Uyole, mashariki ya mji.

Aliyenigeuza ni bibi mwenye nyumba, Mkristo Mmoraviani wa Rungwe. Alifuata kodi, akanikuta natandika.

“Mwanangu, mbona yule aliyekutangulia humu alikuwa akielekea mlimani?”

Mlimani, yaani Loleza. Nikatoka uani kutazama. Kweli kabisa: kutoka hapa Makka iko kaskazini, ikichepuka mashariki kidogo tu, na Loleza umesimama hukohuko. Nikamshukuru bibi, kodi nikampa siku hiyohiyo.

Jioni nikampigia ustadhi wangu wa Pangani, roho juu. Akasema ukishajitahidi kuitafuta kibla, swala zilizopita zimepita. Ila alicheka sana, na najua mtaa mzima umeshahadithiwa.

Msikiti hauko mbali, mwenzangu huenda. Mimi na watoto tunaswali hapa. Mtume (s.a.w.) alituambia tusizifanye nyumba zetu makaburi, sehemu ya swala zetu tuziswali ndani. Na nikikaa kuvuta tasbihi namkumbuka Bibi Maryam mihrabuni: kila Zakaria akiingia anamkuta na riziki. Ya kwangu imo guniani, na imebaki robo. Nimeshamwambia mwenzangu, gunia jipya likija liwekwe palepale.