Koti zito, na bado anataka kiyoyozi

Upper Hill, Nairobi, leo asubuhi, Julai yenyewe, manyunyu na baridi. Mteja anataka viyoyozi jengo zima.

Nikafungua faili la hali ya hewa la uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ukiweka kizingiti cha nyuzi 18, siku yenye wastani wa nyuzi 16 inahesabiwa digrii-siku 2 za kupasha joto, yaani nyuzi 2 chini ya kizingiti. Julai imejaa hizo. Za kupoza, yaani za juu ya kizingiti? Haba.

Nikamgeuzia kompyuta. Akaitazama, mikono mfukoni, zipu ya koti hadi kidevuni.

“Lakini Januari ofisi yangu huwa tanuri kuanzia saa tisa.”

Kweli kabisa. Ila hilo ni jua la jioni kwenye vioo, na digrii-siku huhesabu joto la hewa tu. Kivuli kwanza, jamani!

Nyinyi wa majengo ya vioo, madirisha yenu yanafunguka kweli?